Bwana Ipo na Kongamano la Kiti

Wiki iliyopita niliwaacha nimekwama ndani ya lifti ya Ukumbi Mpya pamoja na mkaguzi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, taa zimezimika. Wengi wenu mliandika gazetini kuuliza kama nilitoka. Nilitoka, ndugu zangu. Ningekuwa bado humo, haya mngeandikiwa na nani?

Kwa waliochelewa: mimi ni karani. Miaka tisa nilikuwa karani wa vibali vya mazishi, kazi tulivu, wateja wangu hawakuwahi kulalamika. Kisha jiji letu likaamua kuwa jiji la mikutano. Wakubwa walisafiri kwenda kwenye mkutano katika jiji la watu, wakaona wageni wanavyojaza hoteli, wanavyopanda teksi na kuwanunulia wake zao zawadi, wakarudi macho yamewatoka. Ukajengwa Ukumbi Mpya. Ikaundwa Ofisi ya Mikutano. Nikahamishiwa huko.

Chama cha madaktari wa meno kilikuwa kinatafuta mji wa kuwapokea wajumbe wake elfu nne. Kikatuletea fomu ya maswali mia moja na ishirini: mna hiki, mna kile? Kila nilipomuuliza Mkurugenzi, alijibu bila kuinua macho kwenye simu yake, "Andika kipo." Vyumba elfu tatu vya hoteli, vipo. Wakalimani wa lugha sita, wapo. Gari la wagonjwa mlangoni, lipo. Tangu siku hiyo ofisi nzima inaniita Bwana Ipo.

Ndipo chama kikamtuma mkaguzi kuja kuhakikisha. Ni mwanamke mfupi mwenye miwani na daftari la jalada gumu, mpole wa sauti, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Mkurugenzi. Tulimpa mkalimani, akamsahihisha mkalimani.

Zile dakika arobaini za lifti hakuzipoteza. Aliwasha tochi ya simu akaanza kusoma fomu yangu.

"Swali la tisa," alisema. "Mmeandika ukumbi huu unatumika kila wiki."

"Ndiyo, mama."

"Naondoka Ijumaa jioni. Ningependa kuona mkutano mmoja ukiendelea. Alhamisi upo?"

Nawaapia, kichwa changu kilisema hakuna. Mdomo ukakitangulia.

"Upo," nikajibu.

Ukumbi ule ulikuwa umetumika mara moja tu, siku ya kukata utepe.

Tulipotolewa, nilikimbia kwa Mkurugenzi roho mkononi. Nilitegemea atanifokea. Hakufoka. Alizungusha kiti chake mara mbili, akauliza, "Alhamisi kuna mkutano gani?"

"Hakuna, mzee."

"Basi tengeneza. Usiwe wa siasa, usiwe wa dini, na usiwe wa afya, huyo mama atatuuliza maswali. Tafuta mada ambayo haina adui."

Nikaangaza ofisini. Mlikuwa na meza, kabati, na Mkurugenzi amekaa.

"Kiti," nikasema.

Akatafakari kwa muda mrefu, kwa kiwango chake. "Kila mtu anakaa," alisema. "Safi sana. Liite la kimataifa."

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Kongamano la Kwanza la Kimataifa la Kiti, Jumanne saa tano asubuhi, kwa ajili ya Alhamisi saa tatu.

Hapa, wasomaji wangu, inabidi niwaambie jambo nililowaficha tangu sehemu ya kwanza. Mmekuwa mkinicheka na kunihurumia. Huruma zenu zishikeni kwanza.

Nyuma ya Ukumbi Mpya, mahali palipopangiwa maegesho ya magari, pana banda refu la mabati. Chini yake kuna cherehani kumi na moja. Mafundi wake wamekuwa hapo miaka kumi na tisa, ukumbi umewakuta. Cherehani ya kwanza kushoto ni ya Shangazi yangu.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitano. Shangazi alinichukua siku hiyo hiyo ya mazishi, na tangu hapo nililala mchana chini ya meza yake ya kukatia, enzi hizo ikiwa barazani kwake, juu ya mabaki ya vitambaa. Shule nilisomeshwa na pindo za suruali za watu. Hana mtoto mwingine. Akiwa na wateja huninyooshea kidole nikipita na tai yangu: "Yule pale ni mwanangu. Ana cheo ukumbini."

Swali la sitini na moja la fomu liliuliza: Je, eneo la maegesho ya magari linakaliwa au kutumiwa na watu? Na jibu liko hapo kwa mwandiko wangu: Hakuna watu. Eneo liko wazi.

Nilipomwambia Mkurugenzi kwamba watu wapo, kumi na mmoja, alinicheka. "Mkaguzi akishatupitisha, Jumamosi yake linakuja tingatinga. Jumapili hakuna mtu. Kwa hiyo hujaandika uongo. Umeandika ukweli uliowahi kufika."

Nikasaini.

Shangazi sikumwambia. Kila nikipanga kumwambia, nilikuta ananiwekea kiti. Na ili dhamiri inipe usingizi, nikampatia kazi: kushona kava za viti mia sita vya ukumbi. Nyeupe, zenye fundo la utepe mgongoni, kama za harusini. Wiki tatu mafundi wale kumi na mmoja walishona kava za ukumbi utakaowafukuza, na Shangazi akaniombea dua kila siku kwa kumkumbuka. Mimi nikaitikia amina.

Haya. Rudini kwenye kongamano.

Wajumbe mia mbili tuliwapata kwa siku moja na nusu. Wakalimani jiji letu halina, lakini watu wanaopenda vyeti wapo wa kutosha. Tuliahidi soda na cheti. Wakaja wanakamati wa harusi, wastaafu, maseremala, wauguzi waliokuwa zamu ya mapumziko, na dereva wa lori linalobeba viti vya kukodi. Kila mmoja akapewa beji yenye jina la nchi. Nchi za baridi tuliwapa wenye makoti. Fundi bomba mmoja alikataa nchi aliyopewa kwa sababu timu ya mpira ya nchi hiyo ilifungwa na sisi, tukambadilishia.

Ratiba niliichapa mimi. Nilichukua ile ya vikao vya zamani vya ofisi nikabadilisha kichwa tu: kufungua, utambulisho, mada, majadiliano, mengineyo, kufunga. Mkurugenzi akasaini bila kusoma, kama kawaida yake.

Mmeliona kosa? Mliowahi kukaa kwenye kamati ya harusi au kikundi cha kusaidiana mmeshaliona. Mengineyo! Agenda nyingine zote humalizika kwa saa moja, Mengineyo hula saa tatu. Ndipo aliyenyamaza tangu mwanzo husimama na kusema, "Mwenyekiti, mimi nina dogo tu." Vikao vya watu wazima vimevunjika hapo. Ndoa zimevunjika hapo. Na mimi, mkono kwa mazoea, niliichapa kwa herufi nzito.

Alhamisi asubuhi ukumbi ulipendeza, lazima niseme. Viti vyeupe, maua, chupa za maji. Mshereheshaji tuliyemtoa kwenye harusi alikuwa anajaribu maikrofoni kwa kuwauliza wajumbe kama wapo. Walikuwa wapo.

Aliyekosekana ni mwenyekiti wa kongamano. Tulimchagua mwalimu mkuu mstaafu mwenye mvi nzuri. Alipopokea beji akaona haikuandikwa Profesa, akabaki nyumbani.

"Dakika kumi," Mkurugenzi alininong'oneza, jasho jembamba likimtoka. "Mkaguzi yuko ngazini. Nipe mtu. Mtu yeyote anayesikilizwa."

Wakati huo huo sauti ilipaa kutoka safu za mbele. "Wewe baba wa koti, usikae upande! Unakunja kava. Simama. Sasa kaa tena. Naam, hivyo."

Mjumbe mwenye koti alisimama, akakaa tena. Safu nzima ikajikagua ikakaa vizuri.

Alikuwa Shangazi. Alikuja kubana pini kwenye kava zilizolegea, kifuko cha pini kimefungwa kwenye kiwiko cha mkono.

"Yule mama ni nani?" Mkurugenzi aliuliza.

Mjue kwamba Mkurugenzi ameegesha gari mbele ya banda lile kila siku kwa miaka miwili. Hajawahi kumwona.

"Ni..." Nikageukia viti. "Ni mtaalamu wa viti."

"Mvalisheni beji!"

Nilimkimbilia Shangazi kabla beji haijafika. "Shangazi, usikubali. Tafadhali."

"Kukubali nini?"

"Wanataka uwe mwenyekiti wa mkutano."

"Na kwa nini nisikubali?"

Akanitazama kwa upole uliozidi kunimaliza. "Mwanangu, ofisi yako imekwama, mimi nikae nabana pini? Nimeongoza kikundi cha mafundi miaka kumi na miwili. Hakuna aliyewahi kutoka kabla sijafunga kikao. Nipe hiyo karatasi ya agenda."

Nikampa.

Mkaguzi aliingia, akaketi safu ya tatu, akafungua daftari. Shangazi akagonga meza kwa mkasi wake, kwa kuwa nyundo ya mwenyekiti, ambayo kwenye fomu ipo, haikuwepo.

"Kikao kimefunguliwa. Simu zizimwe. Atakayeongea bila kuruhusiwa nitamtoa, hata awe ametoka nchi gani."

Na hapo, wasomaji, likatokea jambo ambalo hakuna ofisa wa ofisi yetu aliyelitarajia. Kongamano likawa zuri.

Dereva wa lori alieleza kwa nini viti vya plastiki huvunjika mguu wa nyuma kabla ya mingine: watu huegemea nyuma kumsengenya aliyekaa mbele. Ukumbi ulicheka, lakini alikuwa na hesabu ya mwaka mzima kichwani, harusi kwa harusi. Maseremala wawili wakabishana kuhusu gundi na misumari karibu washikane mashati. Shangazi akawapa dakika mbili kila mmoja, akawaketisha, akataka kura. Misumari ikashinda.

Kisha akasimama muuguzi, beji yake ya nchi ya baridi imeelekea chini.

"Mwenyekiti, mimi nauliza tu. Hapa nimehesabu viti mia sita, vimevalishwa na kufungwa utepe, vinawasubiri wageni. Kliniki yetu iko mtaa wa pili. Ina mabenchi manne. Wajawazito wanasimama. Hivi viti vikiwa havina mgeni, vinafanya nini?"

Makofi yaliyopigwa hapo hayakuhitaji mshereheshaji. Mkurugenzi naye alipiga, kwa sababu alimwona mkaguzi anapiga.

"Hongereni," mkaguzi aliniinamia akaninong'oneza. "Nimekagua mikutano mingi. Mingi watu husinzia. Huyo mwenyekiti mmempata wapi?"

"Yupo," nikasema. Nilikuwa nasema kweli, na bado nikaona aibu.

Ukitaka kujua kama jiji letu liko tayari kwa mikutano, jibu nililipata pale. Liko tayari siku nyingi. Watu wanajua kukaa, kusikiliza, kubishana na kumaliza. Ambayo haiko tayari ni ofisi yetu.

Mkurugenzi alikuwa amechanua. Alinionyesha dole gumba. Akaanza kunyoosha tai yake kwa ajili ya picha. Ndipo Shangazi akapandisha miwani puani akasoma:

"Agenda ya tano. Mengineyo."

Mkurugenzi aliruka kama aliyekalia pini. "Mwenyekiti, kwa sababu ya muda, naomba tuende moja kwa moja kwenye kufunga..."

"Mjumbe, umeruhusiwa kuongea?"

"Mimi ni Mkurug..."

"Sijauliza wewe ni nani. Kaa."

Akakaa. Ukumbi ulicheka mpaka chupa za maji zikatikisika. Mimi peke yangu sikucheka, maana mkono mmoja ulikuwa umeinuliwa safu ya tatu, na kwenye mkono huo kulikuwa na karatasi.

"Mgeni wetu, karibu," Shangazi alisema kwa bashasha. "Useme kwa uhuru."

Mkaguzi akasimama. "Ahsante, mwenyekiti. Mimi nina dogo tu."



"Leo asubuhi, kabla ya kuingia, kifungo cha koti langu kilikatika. Nikazunguka nje kutafuta msaada. Huko nyuma nikakuta mafundi wanashona. Mmoja akanishonea kifungo na kunikaribisha nikae. Nikahesabu cherehani kumi na moja. Nimefurahi sana, wajumbe elfu nne watakuwa na vifungo elfu nyingi. Ila kwenye fomu ya jiji, swali la sitini na moja, imeandikwa kwamba eneo hilo hakuna watu. Naomba nieleweshwe tu."

Shangazi alitabasamu. Aliona ni kosa la karani fulani, la kurekebishwa kwa kalamu. "Ni kweli, sisi tupo," alianza.

Lakini Mkurugenzi, kwa kutaka kuokoa jahazi, alikuwa ameshamnyang'anya mshereheshaji maikrofoni.

"Mheshimiwa mkaguzi asiwe na wasiwasi! Wale ni watu wa muda tu, wamejishikiza pale. Jumamosi hii hawatakuwepo. Tingatinga limeshaagizwa na barua ninayo mimi mezani. Jibu la swali la sitini na moja ni sahihi kabisa, ni suala la siku mbili."

Akatabasamu. Kwake yeye alikuwa ametoa habari njema.

Nilimtazama Shangazi. Sijui niwaambieje. Uso wake haukubadilika mara moja. Ulibaki na lile tabasamu kwa muda, limesahaulika pale, halafu likaondoka polepole. Akatazama viti. Akavitazama vyote, safu kwa safu, kava mia sita alizozikata kwa mkono wake.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Sakafu ya ukumbi ule ndiyo kitu pekee walichojenga imara.

"Kikao kitulie," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. "Naomba hiyo fomu."

Mkaguzi alimpelekea. Shangazi akaisoma. Jina halikuwa na haja ya kulitafuta. Herufi zangu zinalala kulia, na yeye ndiye aliyekuwa akinigonga vidole kwa rula ya kushonea ili zisimame. Hazijasimama hadi leo.

Alipoongea, sauti ilikuwa ile ile ya mwenyekiti.

"Mjumbe aliyejaza fomu hii yumo ukumbini. Kikao kinamwita. Aje mbele."

Mjumbe. Miaka thelathini na moja ameniita mwanangu, hata nilipoiba, hata nilipofeli. Ningependa angenitukana.

Nilipoinuka, Mkurugenzi alinishika mkono akanisogelea sikioni. "Sikiliza. Sema siku uliyojaza eneo lilikuwa tupu. Labda ilikuwa sikukuu, labda walikuwa wamefunga. Sema hivyo tu, wewe ni msaidizi wangu kuanzia Jumatatu. Gari, ofisi, kila kitu."

"Na nisiposema?"

"Rudi kwa maiti zako, kama watakupokea."

Nikajikaza nikaenda mbele. Mshereheshaji alinipa maikrofoni, na kwa kuwa hawezi kuvumilia ukimya, akapaza sauti, "Makofi kwake!" Wajumbe wawili wa nyuma kabisa, ambao hawakuwa wamesikia chochote, walipiga makofi.

"Mjumbe," Shangazi aliuliza. "Siku uliyoandika maneno haya, ulikuwa umekaa wapi?"

Alikuwa anajua. Aliponiuliza nikajua kwamba anajua, na kwamba anataka watu mia mbili wasikie kutoka kinywani mwangu.

Wasomaji, nimewaambia kwamba nilisaini. Sikuwaambia wapi. Siku ile umeme ulikatika ofisini na joto likawa kali, nikabeba fomu nikaenda nyuma bandani. Shangazi akasogeza vitambaa pembeni, akaifuta meza ya kukatia kwa kiganja chake ili karatasi isichafuke. "Andika taratibu, mwanangu," alisema, "isije ikaonekana ni kazi ya mtu asiyesoma." Akarudi kushona. Niliandika hakuna watu huku kiwiko changu kikigusana na chake.

Mkurugenzi alikuwa ananikonyeza kutoka safu ya kwanza, msaidizi wa Mkurugenzi, gari, kila kitu.

"Nilikuwa mezani kwako, Shangazi," nikasema kwenye maikrofoni.

Mguno uliopita ukumbini sitausahau. Yule muuguzi alifunika mdomo. Mkaguzi aliacha kuandika, na kwa mwanamke yule hilo lilikuwa jambo kubwa. Shangazi aliikunja fomu mara mbili, akaiweka chini ya mkasi.

"Ahsante, mjumbe. Imeingia kwenye muhtasari," alisema.

Na hapo hapo ndipo tuliposikia mngurumo.

Ulianza mbali, ukaja, ukazunguka jengo, vioo vikaanza kutetemeka. Kila mtu aligeukia ukuta wa nyuma. Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kuelewa na rangi ikamtoka.

"Si nilisema Jumamosi?" alinong'ona.

Alisema Jumamosi. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba Jumamosi dereva alikuwa na harusi ya shemeji yake, akaona awahi kuimaliza kazi. Katika historia nzima ya Ofisi ya Mikutano hakuna kitu kilichowahi kufika kabla ya wakati. Si saruji, si lifti, si wakalimani. Lilifika tingatinga.

Kupitia vioo vya milango ya nyuma tuliwaona mafundi wakikurupuka. Wawili walikuwa wameinua cherehani moja, hawajui wakimbilie wapi. Fundi mmoja mzee hakuinuka kabisa. Alikuwa na suruali ya mtu katikati ya mshono, akaendelea kushona.

"Mwenyekiti, funga kikao!" Mkurugenzi alipiga kelele. "Funga!"

Shangazi alisimama. Ni mfupi, meza ilikuwa inamfika kifuani, lakini hakuna aliyekohoa.

"Kikao hakijafungwa," alisema. "Agenda ya tano bado inaendelea, na inahamia nje. Kila mjumbe abebe kiti chake."

Nilidhani watasitasita. Walikuja kwa ajili ya soda na cheti, na tingatinga halikuwa kwenye ratiba. Dereva wa lori ndiye aliyeanza, akabeba viwili, kazi yake hiyo. Muuguzi akafuata. Maseremala wale wawili, waliokuwa hawasemezani, wakashika benchi la mlangoni pande zote. Kisha ukumbi mzima ukainuka, watu mia mbili wenye beji za nchi za watu, kila mmoja na kiti cheupe chenye utepe mgongoni, wakaelekea milango ya nyuma.

Milango ilikuwa imefungwa.

Niliifunga mimi asubuhi ile, kwa amri ya Mkurugenzi, ili mkaguzi asitoke kwenda bandani. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu.

Msafara ukasimama, viti vikagongana. Mkaguzi alipenya hadi mbele, akaisukuma milango kwa vidole viwili, akageuka.

"Hii ni milango ya dharura," alisema. "Swali la thelathini na mbili. Mmeandika inafunguka muda wote." Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshaitoa kalamu. "Bwana, ifungue tuone."

"Usithubutu!" Mkurugenzi alikuwa kando yangu, anahema. "Wakitoka wakakaa mbele ya mashine, picha zitafika kila mahali. Hatutaona daktari wa meno hata mmoja maisha yetu yote. Umemwaga unga wako na wetu. Mwambie funguo zimepotea. Zimepotea, basi!"

Nje, jembe la tingatinga liliinuka hadi kimo cha paa la banda. Bati la kwanza, lililo juu ya cherehani ya kwanza kushoto, lilianza kukunjika.

Shangazi alikuja hadi niliposimama. Hakuniita mjumbe wala mwanangu. Alinyoosha mkono, kiganja juu, akangoja.

Nilitia mkono mfukoni, nikazishika funguo. Mkurugenzi akaudaka mkono wangu ukiwa humo humo, akaukandamiza kwa mikono yake yote miwili, na yule mtu, wasomaji wangu, ana nguvu kuliko nilivyowahi kumdhania.